Mganga, Paladini na Mshenzi: Mjadala wa Fani za Wahusika katika Gemu za Fantasia

Katika gemu nyingi za fantasia, safari haianzi kabla mchezaji hajachagua fani ya mhusika wake. Fani ndiyo huamua kama mhusika atashika upanga au fimbo, atavaa deraya au kanzu, atapigana kwa karibu au kwa mbali, na atahimili mapigo mangapi kabla ya kuanguka. Utaratibu huu ulianza na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliobuniwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson ukatolewa mwaka 1974. Toleo la kwanza lilikuwa na fani tatu tu: mpiganaji, mtumia uchawi na kasisi. Mwaka 1975 waliongezwa mwizi, paladini na mtawa anayepigana kwa mikono mitupu. Mwaka 1976 akaja druidi. Gemu za kompyuta ziliirithi orodha hiyo. Zimeirefusha hapa na kuikata pale, lakini hazijaitupa.

Ubishi unahusu kinachotendeka mchezaji anapofika kwenye ukurasa wa kuchagua. Je, anafuata ladha yake, au anapokea picha ya watu fulani iliyokwisha kuchorwa na wengine? Sauti tatu husikika kila jambo hili linapozuka: ya mhakiki, ya mbunifu wa gemu na ya mchezaji. Mara nyingi mchezaji ndiye anayesikilizwa kidogo kuliko wote, ingawa ndiye anayelipa.

Mhakiki ndiye hufungua. Kwa maoni yake, nusu ya fani hizo si kazi hata kidogo. Ni watu wa nchi fulani waliovishwa kazi. Mpiganaji au mwizi anaweza kuzaliwa popote. Druidi hawezi, kwa kuwa ni kasisi wa Waselti wa Gaul na Uingereza. Mtawa wa ngumi na mateke ni Mchina wa hekalu la Shaolin kama alivyoonekana katika filamu za kung fu za miaka ya 1970. Mshenzi mwenye shoka na kifua wazi ni mtu wa kaskazini kwenye baridi, mjukuu wa Conan, shujaa aliyebuniwa na Robert E. Howard mwaka 1932. Kwa jicho hili, orodha ya fani ni ramani ya dunia iliyochorwa Wisconsin na Minnesota kutokana na riwaya za bei rahisi na filamu za mwisho wa wiki.

Mbunifu hakatai. Anachosema ni kwamba gemu haiendi bila picha za haraka. Mhusika kwenye skrini huenda hazidi urefu wa kidole, amezingirwa na maadui, na wenzake wanatakiwa wamtambue kwa kutupa jicho: huyu anaponya, yule anakinga, yule wa nyuma anarusha moto. Vazi, umbo na silaha lazima viseme yote hayo mara moja. Ngano za Kiswahili nazo, anakumbusha, hufanya vivyo hivyo. Msimulizi akimtaja Sungura, watoto wanajua ujanja unakuja. Akimtaja Fisi, wanajua ni ulafi. Hakuna anayesimamisha hadithi ili aeleze fisi alianzaje kuwa mlafi.

“Fisi hana wajukuu wanaosikiliza ngano hiyo,” anajibu mhakiki.

Jibu ni kali, na ni la haki. Hata hivyo halibatilishi hoja ya mbunifu, kwa sababu hakuna aliyewahi kutengeneza gemu ya aina hii bila picha za haraka. Kinachobaki kujadiliwa ni picha zipi, na aliyezichora ni nani.

Kufikia hapo mchezaji huwa amekwisha kuchoka. Kwake fani ni mashine, na vazi ni kifuniko cha mashine. Tangu EverQuest ya mwaka 1999 ilipoimarisha mgawanyo wa kazi tatu, yaani kukinga, kuponya na kushambulia, wachezaji wa gemu za pamoja wamezoea kuulizana kwanza kikundi kinapungukiwa nini. Mwenye subira huchukua uponyaji. Mwenye kupenda kuonekana huchukua mashambulizi. Richard Bartle, mmoja wa waanzilishi wa gemu za maandishi za mtandaoni nchini Uingereza, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji hutofautiana kwa kile wanachokitafuta: wapo wanaotaka mafanikio, wanaotaka kuvumbua, wanaotaka kuongea na watu, na wanaotaka kuwasumbua wengine. Hakuna kati ya makundi hayo linalosema lolote kuhusu Waselti au Wachina.

Takwimu zilizopo zinampa mchezaji nguvu kiasi. Mwaka 2017 tovuti ya FiveThirtyEight ilichapisha hesabu ya wahusika wa Dungeons & Dragons waliotengenezwa kwa zana ya mtandaoni ya mchezo huo; aliyeongoza kwa wingi alikuwa binadamu mpiganaji, mchanganyiko wa kawaida kuliko yote. Katika dunia yenye mazimwi na pepo, watu wengi walichagua kuwa mtu mwenye upanga. Baldur’s Gate 3 ilipotimiza mwaka mmoja mnamo 2024, watengenezaji wake, Larian, walieleza kwamba asilimia 93 ya wachezaji walijitengenezea mhusika wao badala ya kumchukua aliyeandaliwa tayari, na fani iliyopendwa zaidi ilikuwa paladini.

Paladini huyo ndiye anayempa mhakiki hoja yake nzito zaidi, na anaichukua papo hapo. Paladini asili yake ni mashujaa kumi na wawili wa mfalme Charlemagne, walioimbwa na washairi wa Kifaransa wa karne za kati. Aliandikwa na watu wake. Ndiyo maana ni mcha Mungu, mkweli, jasiri, na farasi wake ni mweupe. Adui aliyempiga katika tenzi hizo, Mwislamu wa Hispania, hakupewa fursa ya kueleza upande wake. Sasa watazamwe wengine. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu druidi yametoka kwa Waroma, akiwamo Julius Caesar aliyekuja kuiteka nchi yao. Mshenzi ni jina ambalo Wagiriki na Waroma waliwapa wote wasiokuwa wao, na pwani ya Afrika Mashariki haina haki ya kucheka, maana waungwana wake nao waliwaita watu wa bara washenzi kwa karne nyingi. Karibu kila fani yenye giza na sumu imeandikwa na adui wa watu wanaohusika.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni ule wa muuaji wa siri, fani iliyoingia gemu ya Diablo II kwa nyongeza ya mwaka 2001 na kujengewa mfululizo mzima wa Assassin’s Creed kuanzia 2007. Asili yake ni Waismailia wa Nizari, walioshika ngome ya Alamut huko Uajemi mwaka 1090 chini ya Hasan-i Sabbah hadi Wamongolia walipoiteka mwaka 1256. Kwamba waliwaua baadhi ya viongozi waliokuwa maadui zao, hilo ni kweli. Wengi wa zama zile walifanya hivyo. Lakini kisa cha vijana kuleweshwa bangi na kuonyeshwa bustani iliyofanana na pepo kilienezwa na wapinzani wao pamoja na Wazungu wa vita vya msalaba, kisha Marco Polo akakitia chumvi. Mwanahistoria Farhad Daftary alikichambua kisa hicho mwaka 1994 na kuonyesha kilivyotungwa. Wafuasi wa madhehebu hayo leo ni wale wanaomtambua Aga Khan kuwa imamu wao, na watu wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanawajua kwa hospitali na shule.

“Sasa mimi nikipenda kuruka juu ya mapaa na kuchoma kisu gizani, nimemkosea nani?” anauliza mchezaji.

Hajamkosea mtu. Hilo mhakiki analikubali upesi, na ni vizuri kulisema wazi kwa sababu mijadala ya namna hii huharibika pale mchezaji anapogeuzwa mshtakiwa. Kupenda kujificha, kupenda moto, kupenda kuwatanguliza wanyama wakapigane: hizo ni ladha za kweli na kila mtu anazo. Ladha inachagua kati ya vilivyowekwa. Aliyeviweka ndiye mwenye maelezo ya kutoa.

Mbunifu ana kesi moja anayopenda kuileta hapo, na inasumbua kweli. Samurai na ninja waliingia gemu za kompyuta mapema kupitia Wizardry, iliyotengenezwa Marekani na Andrew Greenberg na Robert Woodhead mwaka 1981. Wamarekani walikuwa wamewachora Wajapani kwa mbali. Gemu hiyo ilipofika Japani ilipendwa sana, ikawa miongoni mwa zilizowafundisha Wajapani kutengeneza gemu zao za fantasia. Final Fantasy ya kwanza, ya mwaka 1987, ina mpiganaji, mwizi, bingwa wa ngumi na wachawi wa rangi tatu, mweusi, mweupe na mwekundu; ni rahisi kuona mkono wa Dungeons & Dragons ndani yake. Kwa nini basi samurai wa Wizardry hakuwachoma Wajapani?

Kwa sababu walikuwa na sinema zao, riwaya zao na viwanda vyao vya gemu, ndilo jibu la mhakiki. Mmarekani alichora samurai mmoja, na Mjapani alikuwa amekwisha kuchora mamia kabla yake. Picha mbaya ya mgeni ilizama katikati ya picha za wenyewe. Lakini hata Wajapani na Wachina wana mpaka. Kitabu cha Oriental Adventures cha mwaka 1985, kilichochanganya samurai, ninja na wachawi wa Kichina katika bara moja la kubuni, kilikuja kulalamikiwa na wasomaji wa asili ya Asia, na kuanzia 2020 wenye Dungeons & Dragons waliweka onyo kwenye matoleo yao ya zamani yanayouzwa mtandaoni.

Mtawa wa kung fu naye anahitaji neno la pembeni. Anayedhani dhana hiyo ni ya Wamarekani peke yao hajawahi kukaa kwenye kibanda cha video cha Mwanza au Machakos. Filamu hizo zilifasiriwa kwa sauti na Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, na vizazi vya watoto vilitoka humo vikirushiana mateke barabarani. Mtoto huyo akikua na kumchagua mtawa kwenye gemu, dhana iliyomvuta imepitia Hong Kong na uswahilini, na Wisconsin haina hisa humo.

Fani inayowagusa wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja ni ya mganga. Kampuni ya Blizzard ilipoitangaza Diablo III mjini Paris mwezi Juni 2008, mganga alikuwa mmoja wa wahusika wa kwanza kuonyeshwa. Gemu yenyewe ilitoka mwaka 2012. Mganga huyo anatoka katika kabila la kubuni la Waumbaru, kwenye misitu ya Teganze, majina yenye mlio wa Kibantu. Anavaa kinyago na mifupa. Anapuliza vishale vya sumu, anarusha mitungi inayopasuka na kutoa buibui, anamwaga vyura, anaita mbwa waliofufuliwa na kikosi cha vijitu vyenye visu, na kwa uganga wake mwingine anawageuza maadui kuwa kuku. Mganga wa kiume amechorwa akiwa mzee aliyejikunja. Lafudhi yake ni ya mahali fulani kati ya Afrika na Karibiani, bila kufika popote.

Mhakiki anaona katika mhusika huyu mchanganyiko wa vodou ya Haiti kama ilivyogeuzwa na sinema za Hollywood, vitabu vya wamisionari, na maofisa wa kikoloni walioshindwa kumtofautisha anayeponya na anayeloga. Sheria ya uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 na ile ya Tanganyika ya mwaka 1928 zilitungwa katika hali hiyo, na zote mbili zilidumu baada ya uhuru. Mganga halisi wa historia alikuwa mtu mpana zaidi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya dawa na kunyongwa na Wajerumani mwaka 1905, alikuwa tabibu, mhubiri na mwanasiasa aliyeunganisha makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja. Katika gemu angehitaji fani tatu. Vyura hawamtoshi.

Mchezaji anapinga, na hapa anapinga vizuri. Kwanza, mganga wa Diablo III ni shujaa: anaokoa dunia sawa na wenzake, na maneno yake ni ya mtu mwenye busara. Sifa kuu inayompa nguvu ni akili, ileile ya mchawi msomi. Pili, Waafrika Mashariki hawawezi kujifanya kwamba picha ya mganga mwenye tunguli na kaniki imeletwa na Blizzard. Filamu za Bongo na za Nigeria zimeionyesha mara nyingi kuliko gemu yoyote. Na dhana za nyumbani zina matokeo mazito kuliko ya skrini. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia. Kilifi wazee wameuawa kwa mvi zao. Serikali ya Tanzania ilifikia kuwafutia waganga leseni mwaka 2009 kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino, ingawa miaka saba nyuma ilikuwa imetunga sheria ya kuitambua tiba asili. Kati ya mambo hayo na mitungi ya buibui, ni lipi la kuanza nalo?

Mhakiki hana jibu la haraka kwa hilo, wala hapaswi kuwa nalo. Alichonacho ni tofauti moja. Katika filamu ya Bongo, mganga anaingia dakika ya arobaini. Kabla yake ameonekana mwalimu, bosi, mchungaji, polisi, mama mkwe na muuza chipsi, wote Waafrika. Mtazamaji anajua kwamba mganga ni mmoja kati ya wengi. Katika orodha ya fani tano za Diablo III, mganga alibeba utamaduni mzima peke yake. Ulaya iligawiwa kazi nyingi, na Afrika ikafanywa kazi.

Hilo linaweza kupimwa kwa ladha yenyewe. Wapo wachezaji ambao raha yao ni kuongoza jeshi la viumbe huku wao wamesimama nyuma. Katika Diablo II ya mwaka 2000 waliweza kumchagua mfufua wafu, Mzungu mwembamba mwenye deraya ya mifupa, aliyeandikiwa historia ya msomi wa mizania ya uhai na kifo. Diablo III ilipotoka hakuwamo, na aliyependa mchezo huo alilazimika kumchukua mganga. Mfufua wafu alirudishwa mwezi Juni 2017, akauzwa kama nyongeza. Kuanzia hapo fani mbili zilisimama pamoja, zote zikifufua, zikitia sumu na kulaani. Mmoja ni mwanafalsafa, mwenzake ni wa porini. Mchezaji anayesema vazi halina maana angepaswa kueleza kwa nini kampuni ilihitaji mavazi mawili kwa mashine zinazokaribiana hivyo, na kwa nini watu walilipia la pili.

Haki inadai kutaja pia kwamba paladini wa Diablo II alichorwa mtu mweusi, na hakuna aliyeona ajabu. Alikuwa na ngozi ya Kiafrika bila kulazimishwa kubeba tunguli. Kampuni hiyohiyo ilijua njia nyingine tangu mwanzo.

World of Warcraft ya mwaka 2004 ilifanya mgawanyo kama huo kwa kiwango cha makabila mazima. Muungano wa binadamu, vibeti na elfi, uliojengwa kwa sura ya Ulaya, ndio peke yake uliokuwa na paladini. Upande wa pili, wenye majitu ya Tauren yaliyoigwa kwa Wahindi Wekundu wa Marekani na matroli yanayoongea kama Wajamaika, ndio peke yake uliokuwa na mganga wa mizimu. Kanisa huku, mizimu kule. Ukuta huo ulibomolewa mwezi Januari 2007, na kilichoubomoa kilikuwa hesabu za urari wa mchezo, kwa kuwa ilikuwa vigumu kupanga mapambano makubwa yanayolingana kwa pande mbili zenye fani tofauti. Mbunifu hulisimulia jambo hili kwa fahari kubwa kidogo kuliko inavyostahili: urari ulifanya kilichokuwa hakijafanywa na dhamiri.

Jinsia inastahili kutajwa kwa ufupi, maana mwelekeo wake ni uleule. Kitabu cha wachezaji wa Advanced Dungeons & Dragons cha mwaka 1978 kiliweka kikomo cha nguvu cha mwanamke chini ya kile cha mwanamume; toleo la pili la mwaka 1989 likakiondoa. Imani kwamba wanawake hupenda fani ya uponyaji imeenea kila mahali penye gemu. Mwaka 2011 Nick Yee na wenzake walichapisha uchunguzi wa wachezaji 1,040 wa World of Warcraft, na walichokuta ni cha kushangaza: watu walifuata jinsia ya mhusika wao. Waliocheza wahusika wa kike, wanaume kwa wanawake, waliponya zaidi, na waliocheza wahusika wa kiume walipigana zaidi na wachezaji wenzao. Vazi lilikuwa limeanza kumvaa mvaaji. Kati ya ushahidi wote, huu ndio unaoudhoofisha zaidi msimamo wa mchezaji kwamba picha hazimgusi.

Wenye Dungeons & Dragons wamejaribu kurekebisha. Zamani kibeti hakuweza kuwa mchawi kabisa, na elfi alizaliwa mwepesi atake asitake. Mwaka 2020 waliruhusu nyongeza za sifa zihamishwe, mwaka 2022 wakatangaza kuacha kuwaita viumbe hao mbari, na katika kitabu cha wachezaji cha 2024 nyongeza hizo zimetokana na malezi na kazi ya zamani ya mhusika. Wachezaji wakongwe walinung’unika kwamba kibeti sasa ni binadamu mfupi mwenye ndevu. Manung’uniko yao yana ukweli, kwani kitu fulani kimepotea: ile raha ya kuzaliwa kiumbe tofauti na kucheza ndani ya mipaka yake. Kasoro ya marekebisho haya ni kwamba yamefuta tofauti pasipokuwa na mtu halisi aliyeumizwa, kwa sababu vibeti hawana wajukuu, na yameongeza kidogo mahali ambapo utamaduni halisi una nafasi moja tu.

Njia ya kuongeza ipo na imekwisha kupitiwa. Aurion: Legacy of the Kori-Odan, iliyotolewa mwaka 2016 na Kiro’o Games ya Yaoundé, Kamerun, inamfuata mwana wa mfalme aitwaye Enzo na mkewe Erine, walionyang’anywa ufalme. Humo mpiganaji ni Mwafrika, msaliti ni Mwafrika, askari na washauri ni Waafrika, na hakuna anayetakiwa kuwakilisha bara zima. Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024, ilitungwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, kutokana na huzuni ya kufiwa na baba yake. Shujaa wake, Zau, ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba. Anavaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Na gemu inaweza kusikilizwa kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho.

Vinyago, mizimu, mganga: vyote ni vilevile vya Diablo III. Mbunifu anauliza tofauti iko wapi. Iko katika kwamba uganga wa Zau unafanya kazi ambayo mganga hufanya kweli, yaani kumvusha mtu katika msiba, na katika kwamba kila anayekutana naye njiani ni wa dunia hiyohiyo. Hata hivyo mhakiki ana la kusema: mwana wa Kenya naye, alipotafuta shujaa wa Kibantu, mkono wake ulimwangukia mganga.

Akiba ya pwani na bara ni kubwa kuliko hapo. Fumo Liyongo, kwa simulizi za pwani, alikuwa jitu, mpiga mishale na mshairi, asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Gemu ingemwita mwenye fani mbili na kumwandikia udhaifu wake kwenye kona ya skrini. Muyaka bin Haji aliipigania Mombasa kwa mashairi katika ugomvi wa mji huo na Oman, jambo ambalo malenga wa gemu za Ulaya hufanya kwa kinanda. Mirambo wa Unyamwezi aliwategemea ruga-ruga, vijana waliokwenda mbio na kushambulia kwa kushtukiza. Kuna nahodha anayesoma nyota na upepo wa kaskazi, kuna mhunzi wa Buhaya na tanuri lake la chuma. Kwa hiyo vijana wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura wanaojifunza kutengeneza gemu, na wawape hao nafasi kwenye orodha. Mganga awepo, ila awe wa nne au wa tano.